Kosmosi ni Ua la Kukatwa
Hotuba kwa wakulima wa bustani, Lushoto

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu wa rika, habari za asubuhi. Nanyi vijana mliokaa nyuma kule, hamjambo. Asanteni kwa kuacha mashamba leo, maana najua karoti na kabichi hazimsubiri mtu.

Nimeombwa nizungumzie maua ya bustani. Mada hiyo ni pana, nami sipendi kugusa kila kitu juu juu, kwa hiyo nimechagua ua moja tu: kosmosi. Mnaijua wote. Ni lile ua refu la rangi ya waridi, jekundu la damu ya mzee au jeupe, lenye petali nane na kitovu cha manjano, na majani yaliyochanika membamba mpaka unaona upande wa pili. Linajiotea kando ya uzio, kwenye kingo za barabara, penye kifusi. Watoto hulichuma wakitoka shule. Kwa kuwa linajiotea, hatujawahi kulihesabu kuwa zao. Leo nataka tulihesabu.

Neno nililokuja nalo ni moja, na mengine yote yanalifuata: kosmosi hulipa pale inapokatwa. Ukiiacha shambani ipendeze, itakupa majuma machache ya uzuri, itabeba mbegu, itakauka. Ukiikata kila siku, tena bila huruma, itatoa maua kwa muda mrefu zaidi. Huu ni mmea wa msimu mmoja, na kazi yake ni kuacha mbegu. Ikishakomaa mbegu ya kutosha, mmea unaanza kuaga. Mkulima wa maua ya kukata anasimama kati ya ua na mbegu, mkasi mkononi.

Mtu ataniuliza: kwa nini kosmosi, na wenzetu wa Naivasha na Arusha wamepata fedha kwa waridi? Jibu liko kwenye boksi. Waridi la biashara linakatwa likiwa tumba, linapozwa, linafungwa kwenye boksi bila maji, linapanda ndege, na likifika Uholanzi bado linauzika. Limechaguliwa kwa miaka mingi ili lihimili safari hiyo. Kosmosi haihimili. Petali zake ni nyembamba mno, zikibanwa zinapata mikunjo na madoa, na shina lake linajipinda. Hakuna mashamba makubwa yatakayokushindania ua hili kwa kulisafirisha kutoka mbali. Anayelitaka liwe zuri lazima alipate kwa mtu wa karibu. Huo udhaifu wake ndio nafasi yetu. Mwenye nyumba ya wageni hapa Lushoto, mpambaji wa kumbi kule Korogwe, kanisa linalotaka maua ya Jumapili, wote hawa hawawezi kuagiza kosmosi kutoka ng'ambo. Wanaweza kuipata kwako.

Asili yake si hapa. Ni ua la Meksiko, na mwaka 1791 mtaalamu wa mimea wa Kihispania, Antonio José Cavanilles, ndiye aliyelipa jina la kisayansi, baada ya mbegu zake kufikishwa Madrid. Tangu hapo limetembea. Kule Afrika Kusini inasimuliwa kwamba liliingia na malisho ya farasi yaliyoletwa kutoka Ajentina wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu, 1899 hadi 1902, na leo kila mwezi wa Machi na Aprili kingo za barabara za nyanda za juu zinajaa kosmosi za rangi ya waridi na nyeupe. Sisi watu wa Usambara tusishangae ua kusafiri. Kutoka milima hii hii, mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alichukua mbegu za mimea midogo yenye maua ya zambarau, African violet, akazituma kwao, na wajukuu wa mimea hiyo wapo madirishani dunia nzima. Wao wameijengea biashara. Nasi tunaweza kulijengea biashara ua hili lililotujia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa mlishike vizuri, kwa sababu hamtalikuta nyuma ya pakiti ya mbegu. Kosmosi husoma urefu wa mchana. Mchana ukiwa chini ya takriban saa 14, inaharakisha kutoa maua. Ukiwa mrefu kupita hapo, inachelewa na kuongeza majani na matawi. Mwezi wa Juni mchana wa London unapita saa 16, kwa hiyo mkulima wa kule akipanda mapema hupata kichaka kikubwa kwanza, maua baadaye. Sisi tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Mchana wetu hauendi mbali na saa 12, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa moja. Kwa kosmosi, hapa kwetu ni msimu wa maua Januari hadi Desemba.

Hiyo ni neema, kwa sababu unaweza kuvuna mwezi wowote unaoutaka. Ila ina gharama yake. Mche wetu una haraka. Unaweza kutoa tumba ukiwa bado mfupi, shina halijafika hata sentimita 30, na ua la shina fupi mpambaji halitaki. Kwa hiyo kazi yetu ya mwezi wa kwanza ni kuupa mmea mwili kabla haujaanza kufikiria maua. Maelezo ya kwenye pakiti yanakuambia usubiri barafu iishe. Hapa hilo halikuhusu. Linalokuhusu ni kutouchelewesha mche kitaluni.

Twende hatua kwa hatua. Mbegu ya kosmosi ni nyembamba na nyeusi, ndefu kiasi cha kushikika kwa vidole, kwa hiyo hata macho ya mzee yanaimudu. Ifukie nusu sentimita tu. Udongo ukiwa na unyevu na hali ya hewa isiwe baridi kali, itachomoza ndani ya siku 7 hadi 10. Mimi huipanda kitaluni chini ya kivuli chepesi cha nyasi, na nyasi hizo huziondoa mara miche ichomozapo, maana mche wa kosmosi ukikaa kivulini hurefuka na kulegea. Maji kiasi. Ukilowesha kitalu asubuhi na jioni bila kuangalia udongo, unakaribisha kinyausi, na miche italala chini yote kwa usiku mmoja.

Wiki ya tatu au ya nne, mche ukiwa na jozi tatu za majani ya kweli, bila kuhesabu yale mawili ya kwanza yaliyotoka na mbegu, hamisha. Usingoje. Mche uliobanwa kwenye kikopo hadi mizizi ikazunguka, kwa mchana wetu huu, utatoa ua ukiwa humo humo. Panda kwa nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche. Wengine hupanda kwa 45, na kwa bustani ya mapambo ni sawa, lakini kwa maua ya kukata nataka miche isogeleane kidogo ili ikue kwenda juu kutafuta mwanga.

Kuhusu udongo nitasema kwa msisitizo, kwa kuwa nawajua watu wa hapa. Nyinyi ni wakulima wa mboga, na mboga imewafundisha kwamba samadi haizidi. Kwa kosmosi, inazidi. Ukiipanda kwenye tuta ulilolilisha samadi kwa ajili ya kabichi, itapanda hadi mita 2, imejaa majani, maua machache, na mvua ya kwanza itailaza. Ipe udongo wa kawaida usiotuamisha maji, mboji kidogo wakati wa kuandaa tuta, basi. Mbolea ya chumvichumvi weka mbali. Kile kipande cha shamba ambacho mahindi yanakataa, penye jua tangu asubuhi hadi jioni, kosmosi itakishukuru.

Mche ukifika sentimita 25 hadi 30, kata ncha. Tafuta jozi ya tatu au ya nne ya majani kutoka chini, kata shina juu yake kidogo. Najua mkono unasita, hasa kama ncha ile imeshaonyesha tumba la kwanza. Kata. Kwenye kila kikwapa cha jani pamelala chipukizi, na shina kuu ndilo linaloyazuia yasiamke. Ukilikata, yanaamka mawili, manne, sita, na kila moja litakuwa shina la kuvuna. Maua yatachelewa wiki moja au mbili. Lipa hiyo wiki. Bila kukata ncha, hapa kwetu utavuna ua moja zuri katikati na vijiua vifupi pembeni.

Siku hizo hizo simika miti pembeni mwa tuta, nyosha kamba ya katani kulizunguka, mstari mmoja kwa urefu wa goti na mwingine kiunoni. Mkoa wetu ndio wa katani, kamba haijatupotea. Ukingoja mmea ulale ndipo uufunge, mashina yameshajipinda, na shina lililopinda halinyooki tena.

Kuanzia kupanda mbegu hadi ua la kwanza hesabu wiki 8 hadi 10. Na hapa ndipo penye kazi yenyewe, nitakaa kidogo.

Sogeeni muone hili tawi. Hili tumba la chini ni kijani tupu, limefumba. Ukilikata leo halitafunguka kwenye maji. Hili la pili limeonyesha rangi, petali zimejikunja bado zimelaliana. Hili la tatu ndilo: petali mbili zimeanza kujitenga na tumba, nyingine zimeinuka ila hazijalala bapa, na kitovu hakijaonekana chote. Huu ndio wakati. Kata leo, kesho litafunguka mezani kwa mteja, naye ataliona likifunguka. Hili la nne, lililofunguka lote na kupendeza kuliko mengine, limeshachelewa. Tazameni kitovu chake: vijiua vidogo vya pembeni vimeshatoa chavua, nyuki wameshapita. Ua likishachavushwa halina sababu ya kushikilia petali. Ukimuuzia mtu hili, keshokutwa petali ziko juu ya kitambaa cha meza, na hatarudi kwako.

Kwa hiyo mteja anayekuja shambani na kunyooshea kidole ua lililofunguka kabisa, mweleze. Mchumie lililo tumba, umwambie asubiri usiku mmoja. Huduma nzuri kwa mteja ni ua kudumu, na kosmosi iliyokatwa kwa wakati hukaa siku 4 hadi 6 kwenye maji, wakati mwingine wiki penye ubaridi kama huu wetu. Usiahidi zaidi. Si ua la siku 14, na halihitaji kudanganyiwa umri ili lipendwe.

Namna ya kukata: usikate chini ya ua. Fuata kikonyo kwa vidole hadi kwenye kifundo chenye matawi mawili au majani mawili mazima, ikiwezekana kile kilicho ndani kabisa ya mmea, kata juu yake. Utapata shina la sentimita 45 au 60. Ndiyo, utaondoka na matumba mawili matatu madogo yaliyokuwa njiani. Wengi hapo ndipo roho inapouma, wanakata kikonyo kifupi kuokoa matumba. Matokeo yake mmea unajaa vikonyo vifupi vifupi, na wiki ya tatu hakuna shina hata moja la kuuza. Kata ndani, kata kwa kina. Machipukizi ya chini yatachukua zamu.

Kata kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, umande ukianza kukauka, au jioni jua likishazama nyuma ya mlima. Adhuhuri mmea umepungukiwa maji, na ua lililokatwa adhuhuri linanyauka mkononi. Nenda shambani na ndoo yenye maji, si kapu. Na ndoo iwe safi kiasi cha wewe mwenyewe kunywea, kwa sababu kinachoua maua mengi ya bustani ni bakteria wanaoziba shina. Ondoa majani yote yatakayozama. Maji yabadilishwe kila siku, kila mara ukipunguza ncha ya shina kidogo. Tone la jiki na kijiko cha sukari katika maji ya chombo cha maua vinasaidia. Usiweke ndoo karibu na mkungu wa ndizi zinazoiva, maana matunda yakiiva hutoa hewa inayozeesha maua mengi.

Ukishavuna, acha ndoo kwenye chumba cha baridi chenye giza, saa kadhaa au usiku mzima, mashina yanywe maji ya kutosha. Hapo ndipo yanapopata nguvu ya kushuka Soni na Mombo. Yasafirishwe yamesimama kwenye maji. Ukiwa na mteja wa Tanga, mwambie ukweli kwamba joto la kule litapunguza siku.

Kuhusu kuuza, shada la kosmosi peke yake linapendeza, lakini mpambaji atakununulia zaidi ukimletea na majani: mkalitusi mchanga, kangaga, matawi ya shamari yaliyotoa maua. Usiuze kwa ua moja moja; uza kwa fungu, mashina 10 ya urefu mmoja, ili bei ieleweke. Na jitahidini muuze kwa pamoja. Mama mmoja mwenye tuta moja hawezi kumhakikishia mpambaji ndoo tatu za nyeupe Jumamosi hii. Kinamama watano wanaweza. Anayepamba harusi anatafuta mtu wa uhakika kabla hajatafuta mtu wa bei rahisi.

Ndiyo maana nasisitiza kupanda kwa zamu. Usimwage mbegu zote siku moja. Panda kitalu kipya kila baada ya wiki tatu, tuta moja likichoka lingine linaingia. Masika ya Machi hadi Mei ni mazito kwa ua hili: petali zinalowa, ukungu unaingia. Panga msimu wako mkubwa uanze na mbegu za mwanzoni mwa Oktoba, ukate Desemba, mwezi wa harusi na Krismasi.

Wadudu na magonjwa nitapita haraka, kwa kuwa kosmosi haina adui wengi. Vidukari hukaa kwenye ncha changa; maji yenye sabuni kidogo, rudia baada ya siku chache. Ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya majani, huja panapobanana na hewa isipopita. Ng'oa mimea iliyozeeka, usiihurumie. Konokono wanapenda miche, waokote usiku kwa tochi. Dawa kali za mboga msizilete hapa, maana nyuki na vipepeo watakaokuja kwenye kosmosi ndio hao hao wanaochavusha maboga na matango yenu.

Aina je? Kwa kukata, tafuteni ndefu. Sensation ilishinda tuzo ya mbegu bora Marekani miaka ya 1930 na mpaka leo inauzwa, ni imara na bei yake ya kawaida. Purity ni nyeupe tupu, ya harusi. Versailles ilizalishwa kwa ajili ya kukatwa, shina lake lina nguvu. Double Click ina petali nyingi zilizojaa, wateja wa mjini wanaipenda. Sonata msiinunue kwa kazi hii, ni fupi, ni ya kwenye chungu. Ile ya rangi ya chungwa na manjano inayoota sana hata maeneo ya joto ni spishi nyingine, Cosmos sulphureus. Inakatwa vizuri, na kwa wenzetu wa tambarare ndiyo ninayowashauri waanze nayo.

Kuhusu mbegu za kuhifadhi. Chagueni mimea miwili au mitatu bora, mirefu, yenye mashina magumu, ifungeni utepe, na hiyo msiikate tena. Vichwa vikikauka na mbegu kuwa nyeusi, vunjeni siku ya jua, zianike kivulini, zitieni kwenye bahasha ya karatasi yenye tarehe na rangi. Nyuki huchanganya rangi, kwa hiyo anayetaka nyeupe ibaki nyeupe aipande mbali na za waridi. Mimea iliyobaki ikiisha, ng'oeni kabla mbegu hazijapukutika. Kosmosi ni ndugu wa kishonanguo, nanyi mnajua jinsi ukoo huo unavyosambaa. Wanaoishi jirani na msitu wa Magamba naomba wawe makini zaidi ya wengine. Msitu ule una mimea isiyopatikana kwingine duniani, na haihitaji mgeni wa kuinyang'anya mwanga. Masalia yachomeni au yafukieni kwenye shimo la mboji lenye joto, msiyatupe korongoni.

Pale mezani kuna bahasha za mbegu, nyeupe upande wa kulia, mchanganyiko upande wa kushoto. Kila kaya ichukue moja ya kila aina. Wale watakaokubali kuuza pamoja wabaki tuandike majina na tugawane wiki za kupanda, ili Desemba tusijikute wote tuna maua Jumatatu na hakuna mwenye maua Ijumaa. Wengine karibuni kitaluni, mikasi ipo ya kutosha, kila mtu akate ncha ya mche mmoja kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaondoka.